Uzoefu wangu: CD mbili na DVD moja ya Charles Aznavour

Nimekaa na hii pakiti wiki kadhaa sasa, ni CD mbili za nyimbo za Charles Aznavour, mwimbaji na mwigizaji wa Ufaransa, pamoja na DVD ya sinema aliyocheza, Tirez sur le pianiste, nimeichukua mtumba mtandaoni, na kama unamjua tu kwa ule wimbo She ulioshika namba moja Uingereza mwaka 1974 basi aisee huyu mzee bado hujamjua.

Nianze na DVD. Sinema ni ya mwongozaji Mfaransa Truffaut, ya 1960, haina rangi, Aznavour anacheza Charlie, mpiga piano wa baa huko Paris ambaye zamani alikuwa anajaza kumbi kubwa mpaka mkewe alipojiua akaacha kila kitu. Usinunue ukitegemea kumsikia akiimba, wimbo wa pale baa anaimba Boby Lapointe. Ila jamani uigizaji! Kuna sehemu anatembea usiku na Léna, mhudumu wa baa ileile, anatamani kumshika mkono, anasita, unasikia mawazo yake yanabishana kichwani, akija kupata ujasiri wa kusema twende tukanywe kitu, mwenzie kashaondoka zake. Usoni hafanyi makubwa, ni macho tu, lakini unamwonea huruma mpaka basi.

Sasa toka hapo weka CD, utaona ni kazi ileile. Kila wimbo una mtu wake, kwenye La Bohème ni mchoraji anayekumbuka ujana wake na njaa zake pale Montmartre, mtaa wa wasanii Paris, kwenye Comme ils disent ya 1972 ni mwanaume shoga anayeishi na mama yake na usiku anapiga shoo kavaa kike, na anaimba kwa “mimi”, bila dhihaka hata kidogo. Mwanzoni walimponda sana, eti sauti inakwaruza, eti mfupi, lakini mkwaruzo huohuo ndio unaokufanya umwamini. Na Septemba 2018 alikuwa bado anaimba Japani, tarehe 1 Oktoba akafariki, miaka 94!

Kasoro zipo. Maandishi ya tafsiri ni meupe, sasa mwisho wa sinema kuna theluji kila mahali, husomi kitu. Kijitabu cha CD hakina miaka ya nyimbo. Halafu La Bohème itafute na video pia, maana jukwaani alikuwa anaigiza kuchora huku kashika kitambaa cheupe, CD haikuoneshi hilo.

Nyota nne. Sasa natafuta sinema yake nyingine, Un taxi pour Tobrouk ya 1961, mwenye nayo yenye tafsiri inayosomeka anishtue.