Ramani ya simu siku hizi inatupoteza, nyota mbili tu

Nafanya delivari hapa Dar, na hii programu ya ramani (jina naliacha) zamani ilikuwa inabeba kinoma ila sasa hivi sijui wameifanya nini. Ukifika Ubungo pale Kijazi haielewi uko juu ya daraja au chini, inakwambia kata kulia na we upo hewani huko, unakata kwenda wapi? Morogoro Road ndo balaa, inakuingiza njia ya mabasi ya mwendokasi, sasa trafiki akikudaka umwambie simu ndo imenituma? Halafu Manzese na Tandale vichochoro inavichora kama barabara ya gari, unaenda unaendaa unakutana na ukuta, na mama wa mihogo anakuangalia tu. Mvua zikikolea Jangwani pamefungwa, yenyewe inakupeleka kulekule. Na ukisachi gereji, kwanza tangazo la hoteli, jamani!

Makosa nimeripoti sana, wanajibu asante basi imeisha. Cha ajabu OpenStreetMap ya bure, inayochorwa na watu wa kujitolea, uswahilini iko vizuri zaidi, maana kuna mradi wa Ramani Huria ulianza 2015 kwa ajili ya mafuriko, wanafunzi wa vyuo na wakazi wenyewe wakazunguka mitaani kuchora mpaka mitaro. Ila foleni haionyeshi. Kwa hiyo nachanganya zote mbili, na nikikaribia nampigia mteja aniambie shuka na transfoma, ulizia kwa Mangi.