Mita ya bei chee na globu ya indiketa isiyodumu: uzoefu wangu

Gari ni Toyota IST ya toleo la kwanza, na ugonjwa ulikuwa wa kona moja tu: indiketa ya nyuma kushoto. Unaweka globu mpya, inakaa siku chache, inakufa. Dalili yake kila dereva anaijua, ukiwasha upande huo ile tik-tik inakwenda mbio. Trafiki naye anaijua, na faini ni 30,000.

Fundi wa kwanza hakufungua hata buti. Alisikiliza, akatoa hukumu: alteneta, ile mashine inayochaji betri, inazidisha chaji, tubadilishe. Alteneta hata ya mtumba si hela ya kuchezea, kwa hiyo nilipita Kariakoo kwanza nikanunua mita ya kupimia umeme, ile ndogo ya digitali iliyoandikwa DT-830. Bei yake haifiki faini moja ya trafiki.

Kuitumia hakuhitaji shule. Unageuza swichi mpaka 20 upande wa volti za DC, waya mwekundu kwenye chanya ya betri, mweusi kwenye hasi. Asubuhi kabla ya kuwasha gari ilisoma 12.5. Injini ikiunguruma, 14.2, na hata nilipokanyaga mafuta haikupanda. Hapo alteneta haina kesi. Ingesoma zaidi ya 15 ningemwamini fundi, maana uzi wa globu ni mwepesi kuonewa: volti zikizidi kwa asilimia 5 tu, umri wake unapungua karibu nusu. Lakini hata hivyo, chaji iliyozidi haichagui kona. Taa kubwa, za breki na ya namba zingekuwa zinaungua pia.

Jibu lilikuwa kwenye globu zilizokufa, ambazo bahati nzuri sikuzitupa. Globu iliyochoshwa na volti kwa kawaida huacha weusi ndani ya kioo. Iliyokatwa na mtikisiko hubaki safi, uzi tu ndio umeachana. Zangu zilikuwa nyeupe kama zimesuuzwa kwa maziwa, na ukiigeuza moja juani unaona ufa mwembamba karibu na kitako. Weupe huo maana yake hewa imeingia: kioo kimepasuka, uzi ukakutana na oksijeni ukiwa wa moto, ukaungua na kuacha unga.

Kwa nini kioo kipasuke? Nikafungua taa nzima. Ndani, chini kabisa, kulikuwa na maji yametulia, na mpira wa nyuma ya taa ulikuwa umekakamaa. Globu ya wati 21 inachemka vizuri tu ukiwa umekaa na indiketa kwenye foleni ya Ubungo. Tone la maji likiirukia hapo, kwisha. Holda, yaani kikalio cha globu, nayo ilikuwa na kutu ya kijani kwenye vyuma vyake. Nikaweka ncha moja ya mita kwenye waya wa ethi (wa hasi) wa holda, nyingine kwenye bodi, indiketa ikiwa inawaka: karibu volti 1, mahali panapotakiwa pasome karibu na sifuri, yaani umeme ulikuwa haupiti vizuri hapo.

Muuza spea alinishawishi sana niweke LED. Nilikataa. LED inakula umeme kidogo, kwa hiyo tik-tik ingerudi kukimbia kana kwamba globu imekufa, mpaka nibadilishe na flasha (kile kifaa kinachoiwasha na kuizima indiketa), na maji yangebaki palepale. Nilichukua holda ya mtumba, mpira mpya, nikaziba maungio ya taa kwa silikoni baada ya kuikausha juani, kisha nikaweka globu ya kampuni ya Koito. Zile za bei ya kutupa nilizokuwa naziweka mwanzo zilikuwa zinabanduka hata rangi yake ya chungwa. Masika yamepita na gari limeoshwa kwa pampu mara nyingi tu, indiketa inawaka.

Kuhusu mita yenyewe: inafaa, ila usitegemee makubwa. Waya zake ni nyembamba na zinakatika karibu na ncha, nimeshaziunga kwa risasi. Ukisahau kuizima inamaliza betri yake ya volti 9. Yangu ni DT-830B, haina mlio wa kupima kama waya umekatika, kwa hiyo unalazimika kukodolea macho namba huku umejipinda ndani ya buti. Ukienda dukani, ulizia yenye herufi D mwishoni, hiyo inalia.