Uzoefu wangu na hita ya maji ya lita 50 katika nyumba ya watu sita, Mtwara

Kwa miezi kumi na sita sasa tunatumia hita ya umeme ya lita 50, yenye koili ya wati 1,500, katika nyumba yetu iliyopo Chuno, mjini Mtwara. Nitaeleza zaidi kuhusu ukubwa wake kuliko chapa yake, kwa kuwa ni ukubwa huo uliokaribia kunitia hasara. Katika duka la kwanza nililoingia, muuzaji aliniuliza swali moja tu, kwamba nyumba ina watu wangapi, na nilipomjibu kuwa tuko sita, akanionyesha hita ya lita 100 na kuanza kuandika risiti.

Aliyeniokoa ni fundi umeme anayetuhudumia shuleni. "Mwalimu, idadi ya watu iache kwanza," aliniambia. "Wangapi wanaoga maji ya moto kabla ya saa moja asubuhi, na kila mmoja anamaliza ndoo ngapi?" Nilipohesabu nikapata wanne: mama yangu mzazi, ambaye magoti yanamsumbua na ndiye hasa aliyefanya tufikirie hita, mke wangu, mimi na mtoto wetu wa mwisho. Vijana wawili wakubwa huoga jioni, wakati ambapo maji ya simtanki nyeusi iliyoshinda juani yana joto la kutosha bila kuwasha chochote.

Kuhusu ndoo, hatukukisia. Niliweka ndoo ya lita 20 chini ya shawa, mke wangu akahesabu muda kwa simu, nayo ikajaa kwa dakika mbili na nusu, yaani lita 8 kwa dakika. Mtu anayefungua maji kwa dakika tatu hutumia lita 24, na kwa watu wanne zinakuwa lita 96. Kisha nikaazima kipimajoto cha maabara ya shule na kupima maji ya bomba alfajiri moja ya Julai, upepo wa kusi ukiwa umekolea, nikakuta nyuzi 26. Maji tunayoyaona mazuri ya kuoga, nilipoyapima, yalikuwa nyuzi 40.

Hapo ndipo hesabu ilipokaa sawa, kwa sababu hakuna anayeoga maji ya nyuzi 60 yanayotoka kwenye hita. Huchanganywa na ya baridi. Kila lita ya nyuzi 60 ina nyuzi 20 za ziada, ilhali kila lita ya bomba inahitaji nyuzi 14 tu ili ifike 40, hivyo lita 50 za hita huzaa takriban lita 120 za kuogea. Fundi alinitahadharisha kwamba si zote zinazopatikana, kwa kuwa kila unapotoa maji ya moto juu ya tangi, ya baridi huingia chini na kuyapoza yaliyobaki, kwa hiyo nihesabu sehemu nne kati ya tano. Hiyo ni kama lita 96, sawasawa na mahitaji yetu, na nakiri kwamba kukaribiana huko kulinitia wasiwasi. Kabla ya hapo nilikuwa nimejaribu kikokotoo cha mtandaoni cha Uingereza, nacho kikaniuliza nina vipasha joto vingapi vya vyumbani, jambo lililotuchekesha sana nyumbani. Boila za kule nyingi hupasha nyumba nzima, na maji yakiingia na nyuzi 10, lita 50 zile zile huzaa lita 83 tu za kuogea hata kabla ya kupunguza kitu.

Upande wa umeme, uniti moja hupandisha lita 860 za maji kwa nyuzi moja, kwa hiyo kupasha lita 50 kutoka nyuzi 26 hadi 60 hula karibu uniti 2, na kwa wati 1,500 ingechukua saa moja na dakika 20. Kwetu huchukua saa moja na dakika 35. Nilidhani koili ni mbovu hadi fundi alipopima umeme alfajiri na kukuta volti 210 badala ya 230, na nguvu ya koili hushuka haraka kuliko volti zenyewe, ikabaki kama wati 1,250. Sasa nawasha saa kumi na nusu alfajiri. Hita ya lita 100, nikiijaza joto kila siku, ingekula uniti 4 na kuchukua zaidi ya saa tatu kwa koili ya wati hizo hizo. Aliye katika kiwango cha bei nafuu cha wateja wadogo wasiozidi uniti 75 kwa mwezi ajue pia kwamba uniti 2 kwa siku ni 60 peke yake, kabla hajawasha friji.

Lawama yangu ni kwa ufungaji. Fundi bomba niliyeelekezwa na duka aliacha valvu ya usalama, ile inayopunguza presha ndani ya tangi, bila mpira wa kutolea maji, ikawa kila hita inapopata moto inadondosha matone ukutani, na ndani ya miezi mitatu rangi ilikuwa imebanduka hadi kwenye plasta. Nililipa fundi mwingine kurekebisha. Vilevile tunatumia maji ya kisima yenye chumvi, na tulipoifungua hita baada ya mwaka mmoja, koili ilikuwa imevaa ganda jeupe na fimbo ya magnesi, ambayo huwekwa ili iliwe na kutu badala ya tangi, imeliwa zaidi ya nusu. Fimbo hiyo tumeibadilisha.

Kwa watu wanne imetosha, masharti yakiwa kwamba mama anaoga kwanza na mimi wa mwisho. Sikukuu iliyopita kaka yangu alikuja kutoka Newala na familia yake, watu wanne wengine, na shemeji aliyeingia wa sita alitoka bafuni analalamika kwamba maji ya Mtwara ni ya baridi kuliko ya kwao mlimani.