Unga mweupe wa mahindi wa maduka makubwa ya Houston: ugali unatoka vizuri, lakini maelezo yamefichwa

Kwa wengi wetu tunaopika ugali hapa Houston, mfuko wa unga mweupe wa mahindi wa ratili tano, yaani kilo mbili na ushei, ndio tegemeo la kila siku, kwa kuwa unga unaoletwa kutoka Afrika Mashariki hupatikana katika maduka machache ya Kiafrika na bei yake iko juu. Unga ninaoutathmini hapa ni wa kampuni kubwa ya Marekani. Sitaitaja, kwa sababu ninayoyalalamikia, yaani namna lebo inavyoficha kwamba mahindi yamebadilishwa vinasaba (GMO), yanaruhusiwa na kanuni na hayafanywi na kampuni moja tu.

Kama unga wa kupikia, sina lawama kubwa. Ni sembe: mahindi yamekobolewa na kiini kuondolewa, kisha yakaongezwa madini ya chuma, asidi ya foliki na vitamini za kundi B. Una chenga kuliko sembe ya Dar es Salaam, kwa hiyo uji wake unahitaji kuachwa utokote kwa muda mrefu zaidi kabla ya kuongeza unga na kuanza kusonga, la sivyo chenga husikika mdomoni. Ukivumilia hapo, unapata ugali mweupe unaomegeka bila kunata vidoleni. Aliyezoea dona ataikosa ile harufu ya mahindi mazima, na huo ni upungufu wa sembe yoyote.

Kilichonifanya niandike kiko nyuma ya mfuko. Chini ya orodha ya viambato pana msimbo mdogo wa QR, maneno yanayomwambia mnunuzi auskani apate maelezo zaidi kuhusu chakula, na namba ya simu. Hakuna neno lolote juu ya vinasaba. Maneno hayo yangeweza kuwa mwaliko wa kusoma mapishi, na ndivyo nilivyodhani mara ya kwanza nilipoyaona kwenye bidhaa nyingine. Nilipouskani, ukurasa uliofunguka ulieleza kwamba bidhaa ina chakula kilichobadilishwa vinasaba. Jibu lilikuwepo na lilikuwa wazi, ila limewekwa mahali ambapo hafiki mtu isipokuwa yule ambaye tayari ana shaka, ana simu janja yenye intaneti, na ana nafasi ya kusimama katikati ya duka akikagua mfuko mmoja mmoja.

Sheria inayoruhusu jambo hili ilipitishwa mwaka 2016, na kanuni zake zikawa za lazima kuanzia tarehe 1 Januari 2022. Kampuni kubwa zilipewa uhuru wa kuchagua kati ya maandishi ya kawaida, nembo ya duara, ujumbe mfupi wa simu, au msimbo kama huu. Wizara ya Kilimo ya Marekani ilikuwa imekwisha kupokea, mwaka 2017, utafiti ulioonyesha kuwa wanunuzi wengi wangekwama kiufundi wakitegemea kuskani, na bado msimbo ukaruhusiwa. Septemba 2022, mahakama ya shirikisho huko California iliamua kwamba wizara ilikosea kisheria kwa kutoweka njia nyingine iliyo rahisi kwa wanunuzi wanaokwama. Mimi nawafikiria wazee wetu waliofika hapa kama wakimbizi kutoka Kongo na Burundi, wenye simu za vitufe na Kiingereza kidogo. Hata nembo ya duara ingewasaidia kuliko msimbo, kwa sababu picha ukishaelezwa mara moja huhitaji kuelezwa tena.

Sisemi kwamba unga huu ni sumu. Ripoti ya Akademia za Kitaifa za Sayansi za Marekani ya mwaka 2016 haikupata ushahidi thabiti kwamba vyakula vya aina hii vina madhara zaidi kwa afya kuliko vile vya kawaida, na utafiti wa Ufaransa juu ya panya, uliodai kuna madhara na uliotangulia marufuku ya Kenya ya mwaka 2012 dhidi ya kuingiza vyakula hivyo, uliondolewa mwaka 2013 na jarida lililouchapisha. Lakini usalama si sababu pekee ya mtu kutaka kujua. Mahindi haya hubadilishwa hasa ili yajitengenezee protini inayoua viwavi, au ili yastahimili dawa za kuua magugu. Mtu anaweza kupinga matumizi ya dawa hizo mashambani, au kampuni chache kumiliki mbegu, au akawa na sababu za imani yake, na hapaswi kudaiwa shahada ya biolojia ndipo apewe jibu. Katiba ya Kenya, katika kifungu cha 46, inaitaja taarifa kuwa haki ya mlaji, na kanuni zake za lebo za mwaka 2012 zinadai bidhaa itambulishwe ikiwa kiasi kilichobadilishwa vinasaba kinazidi asilimia 1. Umoja wa Ulaya umeweka asilimia 0.9. Marekani inavumilia hadi asilimia 5 kwa kila kiambato, iwapo mchanganyiko haukukusudiwa.

Mfuko huu angalau una msimbo. Kanuni za Marekani ziliandikwa kwa namna ambayo mafuta ya soya na sukari ya kiazisukari, vikishasafishwa hadi vinasaba visionekane kwenye vipimo, visiandikwe chochote, na vyakula vya mikahawani viliachwa kabisa.

Kwa anayetaka kuepuka, zaidi ya asilimia 90 ya eneo la mahindi Marekani hupandwa mbegu zilizobadilishwa vinasaba, kwa hiyo mfuko ulio kimya usiuchukulie kuwa hauna. Tafuta wenye nembo ya kilimo hai ya Wizara ya Kilimo, ambayo hairuhusu mbegu hizo, au nembo ya kipepeo ya Non-GMO Project, shirika linalothibitisha bidhaa zisizobadilishwa vinasaba. Utalipa zaidi. Unga wenyewe naupa alama nne kati ya tano. Lebo naipa moja, na nitaibadilisha siku kampuni itakapoyachapa maneno ya ule ukurasa juu ya mfuko, ambako nafasi ipo ya kutosha.