Darasa la jujitsu kwa wanaoanza: ukitaka kukaba watu, subiri kwanza

Mwenye hamu ya kutoka siku ya kwanza akijua kumpiga mtu kabali, darasa hili litamkera. Jujitsu ya Brazili inayofundishwa hapa inaanzia kwenye kuanguka: kwa nyuma, kwa ubavu, halafu kwa nyuma tena, kidevu kimebanwa kifuani ili kisogo kisigonge mkeka, na mkono mzima ukipiga chini ili kishindo kisiishie mahali pamoja. Jamaa mmoja mwenye kifua kama mlango alinung'unika kwamba kuanguka anakujua tangu utotoni. Mimi nina goti bovu na mwili mdogo, na kuanguka huko ndiko kulikonifanya nibaki.

Kuna miondoko miwili ambayo mwalimu haachi kuirudia: kunyanyua kiuno kwa nguvu ukiwa umelala chali, na kulala ubavu ukisukuma kwa mguu ili nyonga ichomoke nyuma. Ukitazama tu utadhani ni mazoezi ya kupasha mwili. Subiri ukaliwe kifuani na mtu aliyekuzidi uzito. Mimi nilikaliwa na yuleyule jamaa wa kifua, mwalimu akapiga magoti kando yetu na kuanza kunielekeza polepole: mshike mkono uubane kifuani kwako, mguu wako uufungie wa kwake wa upande uleule, ndipo unyanyue kiuno na kugeukia juu ya bega la upande huo. Jamaa akapinduka. Hakubakiwa na mkono wala mguu wa kujiegemeza upande ule, basi uzito wake wote ukamgeuka mwenyewe. Mguu ukiuacha huru anautupa nje, anajishikiza, na unabaki chini yake ukihema bure.

Kukunja viungo kunakuja baadaye, na hapo ndipo mwalimu anapokuwa mkali. Kwenye kunyoosha kiwiko, yaani ule mkono unaobanwa katikati ya mapaja, anakagua kila jozi: magoti yamebanana? Makalio yako karibu na bega la mwenzako? Kidole gumba chake kinatazama juu? Vikikaa sawa vyote, kunyanyua nyonga kidogo tu kunatosha, mwenzako anagonga, yaani anakubali ameshindwa. Kugonga ndiyo sheria kuu ya darasa. Gonga mwili wa mwenzako, gonga mkeka, au sema kwa sauti kama mikono imefungwa, naye aachie papo hapo. Kuna kijana aliyekataa kugonga kwa kiburi. Mwalimu alisimamisha darasa zima na kumweleza kwamba kiwiko hakijui ushujaa.

Kabali ya nyuma tumeifanya bila kukaza kabisa. Tunajifunza tu kuweka kiwiko chini ya kidevu, sawa na katikati ya shingo, ili mkono ubane mishipa ya damu pande zote mbili badala ya kuponda koo. Ikikaa vizuri mtu hupoteza fahamu kwa sekunde chache, kwa hiyo sioni ubaya wa kuambiwa tusubiri.

Wakati wa kupumzika mwalimu hupenda kusimulia, nami nafurahia kuliko anavyojua. Mitsuyo Maeda, Mjapani wa judo kutoka shule ya Kodokan, alifika Brazili mwaka 1914, na baadaye akamfundisha Carlos Gracie, mmoja wa waanzilishi wa jujitsu hii ya Brazili. Ule mkunjo wa bega uitwao kimura umepewa jina la Masahiko Kimura, Mjapani wa judo aliyeutumia kumshinda Hélio Gracie, mdogo wake Carlos, mwaka 1951. Tangu nisikie hivyo nakumbuka mpangilio wa mikono vizuri zaidi, sijui kwa nini.

Sasa lawama zangu. Tunakimbia kuzunguka ukumbi muda mrefu mno. Pumzi ingefaa itunzwe kwa kazi ya chini. Pia kuna vipindi tunapewa mbinu tatu zisizohusiana, na tukifika ya tatu ile ya kwanza imeshayeyuka. Afadhali mbinu moja, na njia ya kujinasua nayo, tuirudie na wenza tofauti. Kubwa kuliko yote ni upangaji wa jozi kwenye pambano huru. Wakubwa wenye mkanda wa buluu huwa watulivu, wanakuacha ujaribu. Hatari iko kwa mkanda mweupe mwenzako, yaani anayeanza kama wewe, mwenye nguvu na woga kwa pamoja, anayevuta chochote anachokigusa. Mimi huomba kubadilishiwa mtu bila aibu, na sijawahi kukataliwa, ila mgeni mwenye haya hataomba. Mwalimu ndiye anapaswa kuliona hilo kabla.

Kwa usafi nawapa alama zote. Mikeka inapigwa deki kila siku kwa dawa, viatu havikanyagi hapo, na anayekwenda chooni avae ndala, maana choa huenea upesi pale ngozi zinaposuguana. Mwenye kidonda kilicho wazi au upele huketi pembeni akatazama.

Anayetaka kujaribu asikimbilie kununua gi, ile sare nene ya mazoezi. Kwa kuanzia, fulana ya kubana na kaptula vinatosha, mradi nguo isiwe na zipu wala mifuko, kwa sababu vidole hunasa humo. Akate kucha za mikono na miguu, avue pete na hereni, na kama ana goti kama langu amwambie mwalimu kabla ya kukanyaga mkeka.