Wapiga picha wa Mapembeni, Mombasa: tumeenda na mamangu, haya ndio maoni yangu

Nawaandikia wanaokuja Mombasa likizo wakitaka picha ya Mapembe, yale makubwa ya mfano wa pembe za ndovu yaliyovuka juu ya barabara, na pia wenyeji wenzangu tunaopita pale kila siku na hatuna hata picha moja ya maana. Nazungumzia wale wapiga picha wa Moi Avenue, pale kando ya Uhuru Gardens, wenye kamera shingoni na albamu ya kuonyesha mkononi. Miaka yote mimi nlikuwa nawapita tu, najiambia simu ninayo ya nini kumlipa mtu.

Kilichonipeleka ni picha ya mamangu. Alipiga pale na marehemu babangu 1984, harusi haijamaliza hata mwezi, babangu na shati la kola ndefu, mamangu buibui limemteleza nywele zaonekana kidogo, na Mapembe juu yao meupe pe. Ilikaa ukutani kwetu Kisauni mpaka masika moja paa likavuja, maji yakaingia kwenye fremu, picha ikagandana na kioo na uso wa babangu ukabaki nusu. Sasa mama akasema anataka nyengine, pale pale, na wajukuu zake.

Mara ya kwanza nlikosea mwenyewe. Nlimpata kijana mmoja mtandaoni, sio wa pale, ana pakeji ya picha 20 zimeeditiwa, tukapangana saa sita mchana. Saa sita jamani! Yale Mapembe ni aluminiamu iliyopakwa rangi nyeupe, jua la utosini likiyapiga yanawaka mpaka huoni mkunjo wala mshono, na nyuso zetu chini zimekuwa giza tupu. Na karibu kila picha ncha za juu zimekatwa. Ukishakata ncha hiyo si picha ya Mapembe tena, ni nguzo mbili tu mtu amesimama mbele yake. Pesa zikaenda.

Jumapili iliyofuata tukatoka asubuhi, saa kumi na mbili na nusu tuko pale, barabara tupu, matatu mojamoja tu. Mzee mmoja alikuwa ashafika. "Sabalkheri bi mkubwa," akamwambia mama, wakajuliana hali kwanza, hakukimbilia kamera. Mama akafungua leso akamtolea ile picha na fremu yake vilevile. Akaiangalia sana halafu akasema hii ilipigwa asubuhi, aliyepiga aliipa mgongo Digo Road, tazama kivuli kimelalia upande wa Kilindini. Hapo ndipo nlipojua tumefika kwa mwenyewe! Maana kweli, Moi Avenue yatoka upande wa bandari ya Kilindini kuja Digo Road, jua la asubuhi linatokea huku mjini, kwa hivyo ukielekea Digo Road linakupiga usoni na Mapembe nyuma yako yanapata mwanga laini. Jioni ni kinyume chake, mpiga picha ndio anasimama upande wa Kilindini.

Na kuna mambo ya ile M, yaani herufi M ambayo Mapembe yanaifanya ukiyatazama. Mapembe yako manne, mawili kila upande wa barabara, yanapita juu ya njia yakikutana kileleni. Ukisimama pale katikati barabara inapogawanyika ndio unaiona M yako imenyooka, ukisogea hatua chache pembeni imeshavunjika. Yule mzee alituweka mbali kidogo na Mapembe, sio chini yake kama watu wanavyopenda, yeye akachutama mpaka karibu alale, ndio ncha zote zikaingia na sisi tusiwe sisimizi. Kisha anangoja. Matatu inapita, tuktuk inapita, anangoja, "haya sasa!" na barabara nyuma yetu haina gari hata moja. Watoto washikeni mikono lakini, bodaboda za pale haziangalii mtu.

Wanangu wakamuuliza kama ni pembe za ndovu kweli, akawaeleza hapana ni bati tu, yamewekwa miaka ya 1950 wakati wa mkoloni kuwapokea watu wa ufalme wa Uingereza, barabara yenyewe ikiitwa Kilindini Road. Mimi hao wafalme siwahusudu, ila Mapembe nayapenda sana, ndio ya kwanza kuniambia nimefika kwetu nikitoka safari.

Bei: picha ya karatasi saizi ya poskadi shilingi 150, anaiprinti pale pale na kiprinta kidogo cha betri, dakika kumi hazikufika, ukitaka na ya WhatsApp unaongeza 50. Mwambie akutumie kama dokumenti, ikija kama picha ya kawaida inapungua ubora hutaweza kuikuza. Kasoro ni kwamba karatasi ni nyembamba na rangi imeegemea ubuluu, weupe wa Mapembe umekuwa kama umetiwa buluu ya kufulia, kwa hivyo ya ukutani tumeiprinti upya studio. Pia si wote pale wako kama yeye, kuna mwengine alianza kutupiga bila kuulizwa halafu akadai pesa, kwa hivyo kubalianeni bei kabla kamera haijainuliwa.

Nampa nyota 4, na ya tano ningempa kwa alichofanya mwisho. Mama alimuuliza kama ile ya zamani yaweza kubanduliwa kwenye kioo. Akamwambia usiiguse kabisa bi mkubwa, ukiibandua uso wote utabaki kwenye kioo, hii yapigwa picha na kioo chake. Akaipeleka chini ya mti kwenye kivuli, akamwambia mwanangu ashike ile leso juu isije ikang'aa, akapiga mara tatu nne mpaka akaridhika. Hiyo hakututoza. Ile nusu ya uso wa babangu sasa tunayo kwenye simu zetu sote, na mamangu mdogo aliyeko Muscat nimeshamtumia zote mbili, ya zamani na ya sasa.