Michezo ya Dunia ya Polisi na Zimamoto: Tathmini ya Miaka Arobaini

Askari wa zimamoto au wa polisi anayefikiria kutumia akiba na likizo yake kwenda kushindana ng'ambo ana haki ya kujua anachokwenda kukinunua. Michezo ya Dunia ya Polisi na Zimamoto ina chimbuko lake katika jimbo la California, ambako mwaka 1967 polisi walikutana San Diego kwa mashindano yao wenyewe. Mwaka 1985 wazo hilo lilipanuliwa mjini San Jose, likawajumuisha wazima moto na watumishi wa magereza na forodha kutoka mataifa mbalimbali, na tangu hapo michezo imekuwa ikifanyika kila baada ya miaka miwili, isipokuwa ile ya Rotterdam ya mwaka 2021, ambayo korona iliisogeza hadi 2022.

Ninachokisifu kwanza ni kwamba mlango wake ni mpana. Hakuna viwango vya kufuzu. Sharti ni kazi yenyewe, uwe bado kazini au umestaafu, na katika michezo mingi washindani hupangwa kwa umri, hivyo mkongwe hukimbia na wa rika lake. Kuna riadha, kuogelea, kulenga shabaha, kuvuta kamba na hata kurusha vishale.

Hata hivyo, thamani yake halisi imo katika mashindano yaliyozaliwa na kazi. Katika shindano la kupanda ngazi, mzima moto huvaa koti na suruali nzito za kazini, buti na kofia ngumu, hujifunga mtungi wa hewa mgongoni, kisha huanza kupanda jengo refu ghorofa kwa ghorofa. Vazi lile halipitishi joto la mwili, mapaja huanza kuwaka mapema, na anayeanza kwa pupa hulipa gharama yake akiwa bado mbali na kileleni. Kila anachokifanya pale ndicho atakachotakiwa kukifanya lifti zikizimika na watu wamenasa juu. Kwa maoni yangu, hakuna shindano lingine linaloeleza kazi hii kwa ukweli kama hilo. Wenye nguvu za kila namna wana shindano lao la hatua nane kwa siku moja, kuanzia mbio za kilomita 5 na kurusha tufe hadi kupanda kamba na kuvuka vikwazo.

Michezo hii pia imebeba majonzi ya watu wake. Ile ya Indianapolis ilifanyika Juni 2001. Miezi mitatu baadaye wazima moto 343 wa New York walipoteza maisha katika mashambulizi ya Septemba 11. Mwaka 2011 New York yenyewe ikawa mwenyeji, na michezo ikamalizika siku chache kabla ya kumbukumbu ya miaka kumi ya siku hiyo, ijapokuwa kimbunga Irene kiliufikia mji mashindano yakiwa yamekwisha kuanza. Kisha mwaka 2013 ikafika Belfast, mji wa Ireland ya Kaskazini ambao kwa miongo mitatu askari wake walifanya kazi kati ya mabomu na risasi, na ukawapokea washiriki kutoka nchi zaidi ya 60. Naiona Belfast kuwa chaguo bora kuliko yote yaliyowahi kufanywa, kwa sababu wenyeji walielewa bila kuelezwa wageni wao ni watu wa kazi gani.

Kasoro kubwa ni gharama. Washiriki wengi hujilipia nauli, malazi na ada, na kwa mshahara wa askari wa kawaida wa Afrika Mashariki huo ni mzigo wa kukatisha tamaa. Tena wenyeji wamekuwa Amerika Kaskazini, Ulaya, Australia, na mara moja China, mjini Chengdu mwaka 2019. Afrika haijawahi kupewa nafasi. Uwezo wa kuandaa haukosekani kwetu, maana Kigali iliwapokea polisi wa Afrika Mashariki kwa michezo yao mwaka 2023, ingawa ile ni ya polisi na mzima moto hana nafasi humo. Baada ya Birmingham ya Alabama mwaka 2025, zamu ya 2027 ni ya Perth, Australia. Anayeweza kumudu safari hiyo namshauri aende, na ajiandikishe kwanza katika shindano la ngazi. Shirikisho linaloisimamia nalo linapaswa kuileta michezo Afrika, ili hata askari wa mshahara mdogo aweze kuifikia kwa basi.